Moto Isizimike

Jumamosi ile tulikuwa watano uani. Mimi, mkubwa wa nyumba, dada ambaye wadogo zangu humwita yaya. Mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa ameshuka kutoka Kamituga wiki sita nyuma, mkono wa kushoto umefungwa plasta kwa sababu aliangushwa na tope la barabara ya Mwenga akiwa na abiria wawili. Kitinda mimba wetu, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuja na daftari za wanafunzi akidhani atapata nafasi ya kusahihisha. Mama jirani wa nyumba ya chini, aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutuambia kwamba hakuja kutazama, alikuja kupumzisha mguu. Na papa fundi, kwenye kiti chetu pekee chenye mgongo, viganja juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye sauti zetu, kwa kuwa macho yake yalibakiwa na mwanga tu, bila sura za watu. Katikati yetu ilisimama moto ya baba.

Nasema moto jinsi tunavyosema Bukavu. Kwingine watu husema pikipiki. Sisi tulilitoa neno kwenye Kifaransa, tukalileta nyumbani, tukakuta limekwisha kuwa na mwenyewe: moto wa jikoni. Hatukuwatenganisha. Wa jikoni unawashwa, ya barabarani inawashwa. Wote wawili huwaka, wote wawili huzimika. Kitinda mimba wetu amenifundisha kuandika "moto unawaka" nikiwa na maana ya jikoni, na "moto inawaka" nikiwa na maana ya ile yenye magurudumu, na humu nitajitahidi. Lakini sisi tukiongea hatuchagui hivyo. Vyote viwili tunasema "iko nawaka", na anayesikiliza ajitafutie. Naeleza haya mapema kwa sababu nyumba yetu ilikwama kwenye neno hilo miaka kumi na tisa.

Baba alikuwa mchanjaji. Alikuwa akipanda kwenye vijiji vya upande wa Miti na Kavumu na sanduku la barafu limefungwa nyuma kwa mpira, akichanja watoto. Moto aliinunua kwa padri mzee aliyekuwa anarudi kwao, ikiwa tayari imezeeka, tangi la buluu lililopauka kama kanzu ya shule iliyofuliwa mno. Haikuwa kama hizi za leo zinazojaza vituo vyetu. Yenyewe ilikunywa esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na mafuta ya injini, melanje, na baba alipima kwa kopo dogo la tomati: makopo matatu kwa bidoni ya lita tano. Akimaliza alilitungika kopo lile kwenye msumari wa mlango wa stoo, na ole wake atakayelichukua kuchotea chumvi.

Kila Jumamosi, hata kama hakuwa na safari, aliiwasha. Aliiacha ingurume kidogo, akaizima, akaifunika shitingi, lile turubai la plastiki. Alisema chuma kikikaa bure kinasahau kazi. Mama akiusikia mngurumo ule ndipo alipobandika maharage.

Baba aliumwa ini, na hakumaliza miezi miwili. Wajomba na baba wadogo walikuja, wakaondoka na redio, kitanda na cherehani. Moto waliiacha kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuilisha, na ufunguo mama aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, akalala nao. Baada ya hapo bado kila Jumamosi nikirudi shuleni nilikuta uani kuna harufu ya moshi wa melanje. Nilidhani mama ndiye anayeiwasha. Sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa na haraka ya kula.

Mama alimfuata baba mwaka uliofuata, kwa kifua. Siku yenyewe nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mdogo wangu, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa kwenye mkeka. Kitinda mimba, wa miaka minne, amelala ubavuni mwa mama. Mama jirani alikuwa nje anachemsha maji. Mama alifungua macho, akayapitisha juu yetu, akasema polepole, neno kwa neno, kama mtu anayeagiza sokoni:

"Moto isizimike."

Nikatoka kuongeza makala, ndiyo makaa, kwenye mbabula, jiko letu la bati. Maharage yalikuwa juu. Niliporudi hakusema tena.

Basi nililishika neno lile. Niliacha shule nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari, nikaanza kukaanga mikate ya mafuta na kupika maharage ya kuuza pembeni ya barabara, na mbabula ile haikupoa. Jioni nilichagua kaa gumu, nikalifukia kwenye majivu, asubuhi nikalifukua likiwa jekundu tumboni. Mvua ikinyesha niliibebea ndani. Nikiugua, mdogo wangu alichochea. Majirani walizoea: ukiamka moto wako umekufa, nenda kwa yule msichana wa mikate. Kwetu moto haulipwi. Unakuja na kifuniko cha nyungu, unapewa kaa, unaenda zako. Kwa moto huo wadogo zangu walikula, na kitinda mimba alisoma mpaka akapata cheti cha ualimu. Nilipolala nilikuwa nikisema moyoni: mama, bado uko. Nilimaanisha moto.

Moto ya baba ilibaki stoo, chini ya shitingi. Panya walizaa ndani ya kiti chake. Nilirundika magunia ya makala mbele yake, na kwa muda mrefu sikuiona.

Mwaka huu nilihitaji nafasi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake, tukaondoa magunia, akalipiga tangi kwa kidole akaniambia kuna kutu nyingi kuliko chuma. Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa amewasili na plasta yake. Alitoka ndani, akasimama katikati ya mlango wa stoo, akamwomba yule bwana akapumzike nje kidogo. Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Yaya, maman alikuachiaka neno moja tu. Moja. Na hii unataka kuuzisha?"

"Neno gani sikushika?"

"Alisema moto isizimike. Iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye mbabula, ambapo sufuria ilikuwa inatokota kama kila siku.

Alicheka, lakini si cheko lenye furaha. "Moto ya papa, yaya. Ilikuwa siku ya posho. Posho ndiyo siku ya kuiwasha. Weye ulishika mbabula." Posho kwetu ni Jumamosi.

Nilimfukuza mnunuzi wa vyuma na mizani yake. Sikumbuki nilimwambia nini. Ninakumbuka niliingia ndani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Nilikuwa nimelipatia neno lile maisha yangu yote ya ujana, na sasa mdogo wangu, niliyemlea kwa moto ule, alikuwa akiniambia kwamba niliyaweka mahali pasipostahili. Na kumbe tangu akiwa na miaka kumi na mmoja alikuwa akisikia njaa ya ngurumo ile kila Jumamosi, akinitazama nikipita na makala mbele ya stoo, asiseme. Ndiyo maana alipoanza kuendesha alienda mbali, Kamituga, akaendesha moto za watu.

Jumapili kitinda mimba alikuja, tukamweka kuwa hakimu. Alichora mstari kwenye daftari.

"Moto usizimike, huo ni wa jikoni. Moto isizimike, hiyo ni ya papa."

"Umesikia?" akasema mdogo wangu.

"Ngoja," kitinda mimba akamkatiza. "Maman alisomea wapi hayo? Kwake kila kitu kilikuwa 'i'. Mulango inafunga. Muti inaanguka. Mimi mwenyewe aliniita mutoto yangu. Daftari haiwezi kumsaidia."

Tukamwendea mama jirani, shahidi aliyebaki. Alifikiri sana, akasugua mguu. Akasema yeye alikuwa nje na maji, akasikia neno "moto" likipita dirishani, akaongeza kuni mbili, kwa sababu miaka hiyo yote aliamini mama alikuwa anamwagiza yeye. Mdogo wangu alifunga macho. Sasa moto zilikuwa tatu.

Lakini mama jirani alituachia jambo lingine. Alisema kama tunataka kujua habari za Jumamosi, tumtafute mwanamume aliyekuwa akija kuiwasha baada ya kifo cha baba. Bado yuko hai, chini ya soko, kwenye ngazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama hakuwa anaiwasha mwenyewe.

Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yake, mbele yake makopo ya sardini yamepangwa, anachambua nati kwa vidole: kubwa huku, ndogo huku. Niliona macho yake nikajua haoni. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni mtoto wa mchanjaji. Vidole vikasimama.

"Wa kwanza?"

"Ndiyo, papa."

"Wa makala?"

Sikumwelewa. Aliniambia nikae. Alinihadithia polepole, kwa heshima, jinsi mtu anavyomrudishia mwenziwe kitu alichokisahau kwake. Mkewe alishikwa na uchungu wa kuzaa huko Miti, kwa wazazi wake, mchana wa mvua ambao gari lolote halikupita. Baba alikuwa anarudi na sanduku lake. Akaufungua mpira wote, akashusha sanduku, akampakia mama mjamzito katikati na mama mkwe nyuma akimshikilia, wakateremka mpaka hospitali ya mjini, watu watatu juu ya moto ya mapigo mawili. Mtoto alizaliwa salama, msichana, na sasa ana watoto wake hukohuko Miti. Baba alikataa malipo. Alikataa hata kuku. Kwa hiyo papa fundi alimwambia: moto hii haitakufa mimi nikiwa mzima. Baba alipokufa, ahadi ikabaki. Alikuja kila Jumamosi asubuhi, sisi wakubwa tukiwa shuleni, mama akamfungulia stoo.

"Maman yenu alipofariki nilikuwa kwenye kilio, nyuma, na watu wa viti. Posho iliyofuata nikakuja. Ulifungua weye. Nikakuambia: nakuya juu ya moto."

Juu ya moto, kwetu, ni kwa ajili ya moto. Mimi nilikuwa nimeanza kuiona siku ile, ikija kutoka mbali. Kofia mkononi. Suruali yenye mafuta.

"Ukaniambia ningoje," akaendelea. "Ukarudi na makala mbili nyekundu mu kifuniko ya nyungu. Ukanipa. Ukafunga mulango."

"Papa, nilidhani..."

"Najua sasa. Ile siku sikujua. Nilisimama na ile makala inaniunguza. Nikasema, huyu mutoto ananiambia: chukua moto yako, uende. Haya ya kwetu yameisha." Alipanguza mdomo. "Nikaenda nayo. Bibi yangu akauliza umetoa wapi moto. Nikamwambia nimefukuzwa nayo. Akapikia bugali. Ilikuwa makala muzuri, siwezi kudanganya."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, naye akacheka, nati zikamwagika. Kisha cheko likanikatikia, nikabaki nimetazama makopo yale. Mtu alileta mikono yake mlangoni, na mimi nikampa kaa. Jumamosi zote zilizofuata alikuwa hapa chini, dakika kumi kwa miguu, akiamini tumemfunga nje.

Nilimwomba msamaha kwa magoti, kama tunavyofanya kwa wazee. Alitafuta kichwa changu, akakigonga kidogo kwa kifundo cha kidole. Akauliza moto iko wapi. Nikamwambia iko stoo, imekufa. Akasema moto haifi, inakwama.

Nilimweleza mdogo wangu. Nilingoja hukumu. Akasema, "Mutu analeta mikono, weye unamupa makala," na akaanza kucheka hadi plasta ikagonga mlango akaguna kwa maumivu. Lakini kesho yake asubuhi nilimkuta ameitoa moto stoo kwa mkono mmoja, amelifuta tangi, na kopo la tomati, ambalo nilidhani lilipotea zamani, ameliosha na kulirudisha kwenye msumari.

Hivyo tulianza. Tulikuwa na fundi asiyeona, dereva mwenye mkono mmoja, na mikono yangu miwili iliyozoea unga. Papa fundi alikaa kwenye kiti cha mgongo. Mimi nilifungua, yeye aliagiza. Nikitoa kipande nilimwekea kiganjani, akakigeuza, akakinusa, wakati mwingine akakilamba, akaniambia kinakotoka na kinachokiuma. Mdogo wangu alishika taa ya simu na kunidhihaki. Aliniambia nashika spana kama mwiko. Nilimjibu kwamba mwiko ndio uliomlipia viatu vya kwanza, akashusha taa kidogo.

Tangi tulilitia changarawe na maji ya sabuni, tukalitikisa kwa zamu, mpaka yakatoka maji mekundu, kisha ya njano, kisha meupe. Kabureta tuliizibua kwa uzi mmoja wa waya uliochunwa kutoka kebo ya klachi. Gasket nilikata kwenye boksi la karatasi ngumu, papa fundi akapitisha kidole ukingoni na kunirudishia mara tatu. Vile vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche, ambavyo mafundi wa kwetu huviita visiplatine, tulivisugua kwa ubavu wa kiberiti, pale unapopigwa njiti. Kiti cha panya tulikichoma, na kitinda mimba akashona kingine kwa turubai la begi lake la zamani la shule.

Pistoni ndiyo iliyotushinda. Ilikuwa imeshikana na silinda kama mtu aliyeuma meno. Tuliimwagia mafuta ya taa, tukangoja siku tatu. Tukaigonga kwa kipande cha mbao. Haikutikisika. Mdogo wangu akasema basi, tukatafute injini nyingine. Nilimwona usoni anavyojitayarisha kuipoteza mara ya pili.

Papa fundi alituamuru tuiweke injini chini, mbali na tangi na kila chenye harufu ya esansi. Aliipapasa silinda kuzunguka mapezi yake. Kisha akanigeukia, na nadhani alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku ya kwanza.

"Maman, leta moto."

Niliuliza ipi. Mama jirani, kwenye ndoo yake, alicheka mpaka akakohoa.

Nikachota kwenye mbabula makaa yaliyokomaa, nikayapanga kwenye bati kuzunguka silinda, papa fundi akisikiliza joto kwa kiganja kilichonyooshwa hewani. Alisema karibu, akasema ondoa mawili, akasema subiri. Chuma kilianza kunuka. Aliniambia niweke kipande cha mbao na kugonga mara moja, si kwa hasira. Nikagonga. Pistoni ikashuka kidogo, upana wa ukucha, kwa sauti kama ya mtu anayemeza mate. Mdogo wangu akatoa ile sauti ya watoto wanapoona mpira umeingia golini, kisha akajikausha akajifanya anakohoa. Papa fundi akasema kwamba kwa wanajeshi waliomfundisha ufundi, wasemao Kilingala, moto ni mtu. Kwa hiyo hatujui hata sasa mama yenu alikuwa anamzungumzia nani. Alisema hivyo akivuta pumzi ya mafuta yaliyoungua kana kwamba ni harufu ya chakula.

Jumamosi ile ya watu watano ilikuja wiki mbili baadaye. Mdogo wangu alipima melanje mwenyewe kwa kopo, makopo matatu, akatutazama sote tuhesabu naye. Alipiga kiki mara nyingi. Moto ilipiga chafya, ikanyamaza. Papa fundi akasema aliyeifunga ndiye aifungue. Nikavua kandambili, nikavaa viatu vya mdogo wangu, nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Ya tatu ikashika. Moshi mweupe ukajaza ua, kuku wakakimbilia kwa mama jirani, na ngurumo ile, ile ndogo yenye mikunjo ambayo sikujua kwamba naikumbuka, ikatoka kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Kitinda mimba, ambaye hakuwahi kuisikia akiwa na akili zake, aliweka daftari chini. Mdogo wangu alikuwa amegeukia ukuta. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya uso. Sikumwendea. Niliizidishia kidogo gesi ili aisikie vizuri.

Alikuwa amenifundisha kuendesha kwenye uwanja wa parokia, kwa moto ya rafiki yake, akinikimbilia pembeni na plasta. Kwa hiyo yeye mwenyewe alisema: yaya aiendeshe, na papa apande. Tulikubaliana tutampeleka mpaka Miti, kwa binti yake, njia ileile, juu ya moto ileile. Hajaenda huko tangu macho yafifie. Hizi mpya anaziogopa. Anasema zinakimbia bila kuongea.

Tulipita juu ya mitaro, tukashuka, tukatoka mjini. Papa fundi alinishika kiuno kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa pajani pake, kidole kikigonga pamoja na injini. Kila tulipofika mahali aliniambia ni wapi kabla sijaona kibao, kwa miteremko na kwa harufu. Nilikwenda polepole. Vijana wa moto walitupita wakinipigia honi, mmoja akaniuliza kama hiyo niliyopanda nimeichimba kwenye mgodi wa Kamituga. Kifuani nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipokuwa nikienda shule.

Tulikuwa tumeipita Mudaka, soko limejaa hadi barabarani, tulipoanza kupanda. Kidole cha papa fundi kikaacha kugonga. Mimi sikusikia chochote. Alinigusa bega mara mbili.

"Simama, maman. Inaanza kukaza."

Nikasimama. Akashuka akaweka kiganja karibu na silinda, akaketi kwenye jiwe. Alisema pistoni imelala muda mrefu, haitakiwi kukimbizwa siku ya kwanza. Tukiendelea tutaiua, na safari hii itakufa kweli. Nilimwambia Miti si mbali tena, tunaweza kuipumzisha na kwenda. Nilikuwa nataka mno kumfikisha. Nilikuwa naziona Jumamosi zote zile zimejipanga mbele yangu kwenye mlima ule. Akatikisa kichwa. Alisema Miti haihami. Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala, injini ikipoa kwa vidonge vya sauti, tik, tik. Aliuelekeza uso kule alikodhani ndiko kwa binti yake. Alikuwa amekosea kidogo upande, sikumrekebisha.

Tuliporudi, wote bado walikuwa uani wakingoja, na hakuna aliyekuwa ameitazama mbabula. Nilifukua majivu kwa kijiti, kisha kwa vidole. Hakuna hata kaa moja jekundu. Moto niliokuwa nao tangu siku ya mama ulikuwa umezimika, mchana kweupe, watu watatu wakiwa wameketi karibu nao.

Mama jirani aliinuka kwenye ndoo bila kulalamika mguu. Mdogo wangu alikuja akachuchumaa pembeni yangu, akaingiza vidole vyake vizima kwenye majivu pamoja na vyangu, akatafuta kana kwamba mimi sikutafuta vizuri. Nilidhani atafanya mzaha. Akasema, "Yaya, mimi nilisikia ya papa. Sijui kama ndiyo aliyosema." Tukabaki hapo na mikono myeupe.

Kitinda mimba alimsindikiza papa fundi kwake. Alirudi akitembea kwa uangalifu, mbele ya kifua chake kifuniko cha nyungu, na ndani yake makaa mawili mekundu.

"Amesema hii ni ile uliyomupa," akaniambia. "Amesema sasa yeye hana deni na nyumba hii. Anabaki anangoja Miti."

Nikawasha kwa makaa yale. Tulikula tumechelewa.

Mdogo wangu amekwisha kurudi Kamituga, mkono umepona. Ananipigia kila Jumamosi, na haulizi habari. Anangoja niisogeze simu karibu na injini. Miti bado hatujafika. Mara barabara haipitiki, mara mvua, mara papa fundi ana homa, mara mimi nina maharage ya harusi ya watu. Jumamosi iliyopita nilipita kwake nimeiwasha, nikaisimamisha chini ya ngazi. Alitoka akishika ukuta, amevaa koti lake la safari. Akauliza kama melanje imetosha. Nikamwambia makopo matatu. Akauliza mvua. Nikatazama upande wa Kabare, nikamwambia inakuja.

"Basi andika: bado nangoja Miti," akasema, akaanza kulifungua koti. "Usije ukanipa makala tena."

Nimeandika.